SOMO LA TEHAMA: Kuufanya ukuta-moto uandike pakiti zenye anwani ya mtumaji isiyo halali

Somo hili ni la wakaazi wanaosimamia mitandao midogo: wenye saiba, walimu wa maabara za kompyuta, wahudumu wa vituo vya kidijitali vya wadi, zahanati zilizounganishwa na intaneti, na vijana wanaouza waifai kwa majirani. Anayejua kuingia kwenye ruta na kubadilisha nywila ataweza kulifuata lote. Asiyejua anaweza kusoma sehemu za mwanzo na ya mwisho, kisha ampe fundi wake sehemu ya katikati.

Bahasha ina anwani mbili

Barua inayopitia posta huwa na S.L.P. mbili: ya anayeandikiwa, na ya aliyeiandika. Karani wa posta huhitaji ya kwanza ili ajue gunia la kuitia. Ya pili haimhusu. Mtu akituma barua kutoka Voi na nyuma ya bahasha akaandika S.L.P. ya Kakamega, barua itafika vilevile, na jibu, likiwepo, litaenda Kakamega kwa mtu asiyejua lolote.

Intaneti husafirisha ujumbe kwa namna hiyo hiyo. Ujumbe hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya IP ya mpokeaji na ya mtumaji. Ruta husoma ya mpokeaji ili ijue njia ya kuipitisha. Ya mtumaji haiichunguzi mpaka iagizwe. Kwa hiyo kompyuta iliyoambukizwa inaweza kujiandika kuwa mtumaji yeyote inayemtaka.

Wengi huuliza mwongo anapata nini, maana jibu halitamrudia. Faida yake iko hapo hapo: jibu linamwangukia mwingine. Tarehe 28 Februari 2018, GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, ilimiminiwa data iliyofika terabiti 1.35 kwa sekunde. Washambulizi walituma maswali madogo kwa seva nyingi za memcached zilizoachwa wazi kwenye intaneti, na katika kila swali wakaandika anwani ya GitHub kama mtumaji. Seva ziliamini, zikapeleka majibu makubwa kwa aliyetajwa.

Njia ya zamani zaidi ni ya kubisha hodi na kutoweka. Septemba 1996, Panix, kampuni ya kuuza intaneti mjini New York, ilitatizwa kwa siku kadhaa na pakiti za kuomba kuanza mazungumzo zilizokuwa na anwani za watumaji wa uongo. Kila ombi liliifanya seva itenge nafasi na kumsubiri mtu asiyekuwepo. Nafasi zilipojaa, wateja wa kweli walikosa pa kuingilia. Wakenya walionja usumbufu wa aina hiyo Julai 2023, huduma za eCitizen zilipokwama baada ya mfumo kufurikwa na maombi. Kuna njia nyingi za kuufurisha mfumo, na anwani ya uongo ni mojawapo tu, lakini ndiyo inayoweza kuzuiwa na mtu mwenye ruta ya shilingi elfu chache.

Januari 1998, Paul Ferguson na Daniel Senie walichapisha pendekezo ambalo lilitolewa upya Mei 2000 kama RFC 2827, na mafundi wa mitandao huliita BCP 38. Hoja yao ni nyepesi: uongo kuhusu mtumaji hutambulika kwa urahisi mahali pakiti inapoanzia safari. Pakiti ikishafika Ulaya au Marekani, hakuna ruta inayoweza kujua kama kweli ilitoka Bungoma. Lakini ruta ya saiba ya Bungoma inajua, kwa sababu ndiyo iliyozigawia kompyuta zake anwani. Likija jina ambalo haikulitoa, hilo si la nyumbani.

Kuzuia bila kuandika

Ruta nyingi zinazouzwa madukani huzuia baadhi ya pakiti hizi kimyakimya. Kuzuia ni kuzuri, lakini askari wa lango anayewarudisha watu bila kuandika chochote kitabuni humwacha mwenye nyumba gizani. Asubuhi hajui ni wangapi waliokuja, saa ngapi, wala walitokea upande gani.

Chukua mfano wa saiba yenye kompyuta kumi na mbili, laini moja ya intaneti, na foleni ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru kwa KRA. Kampuni ya intaneti inapiga simu: kuna mashine kwenye laini hii inatuma takataka, na isipoondolewa laini itafungwa. Kampuni inaona laini, haioni kompyuta. Mwenye saiba asiye na rekodi hana la kufanya ila kuzima mashine moja baada ya nyingine huku akiwaomba wateja wasubiri, au kuzima zote. Aliye na rekodi hufungua daftari la ruta, anasoma mistari miwili, na kwenda moja kwa moja kwenye mashine ya saba. Wale kumi na mmoja wengine wanaendelea na kazi zao.

Anwani zipi si halali?

Mafundi huziita pakiti hizi za Mirihi, kana kwamba zimetoka sayari nyingine. Mzaha huo umeingia hata kwenye maandishi rasmi: RFC 1812 ya Juni 1995, inayoeleza kazi za ruta, ina sehemu nzima kuhusu kuzichuja.

Zinazofahamika zaidi ni anwani zilizotengwa kwa matumizi ya ndani: zote zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Takriban kila nyumba na saiba hutumia mojawapo. Ndani ni halali; zikionekana zikija kutoka upande wa intaneti kama mtumaji, si halali. Zinazoanza na 127 ni za kompyuta kuzungumza na yenyewe na hazipaswi kuonekana kwenye waya wowote. Zinazoanza na 224 hadi 239 ni za kutangazia kundi, hivyo zinaweza kuwa za mpokeaji lakini si za mtumaji. Zinazoanza na 240 kwenda juu zimewekwa akiba. Tatu zimetengwa kwa mifano ya vitabuni: 192.0.2, 198.51.100 na 203.0.113.

Mbili zinahitaji uangalifu. Anwani 0.0.0.0 hutumiwa kihalali na kifaa ambacho ndiyo kwanza kinaunganishwa na kinaomba anwani. Hakina jina bado, kwa hiyo hujiandika sufuri. Nayo 169.254 ni anwani ambayo kifaa hujipa chenyewe kikiomba na kukosa. Ikionekana kwenye daftari mara nyingi, huo si uhalifu. Ni dalili kwamba kigawa-anwani cha ruta kimekwama au waya una hitilafu, na mteja wa mashine hiyo bila shaka ameshaanza kulalamika.

Kuna pia 100.64 hadi 100.127, zilizotengwa mwaka 2012 kwa kampuni za intaneti zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mlango wa nje wa ruta ukiwa na anwani ya aina hiyo, au ya 10 au 192.168, maana yake ruta hiyo haiko kwenye intaneti moja kwa moja. Iko nyuma ya ruta nyingine. Katika hali hiyo, anayezuia anwani hizo upande wa nje bila kuangalia anaweza kujikatia laini, kwa kuwa hata kifaa cha kampuni kinachompa anwani hujitambulisha kwa mojawapo. Kabla ya kuandika kanuni yoyote, ni lazima anwani ya mlango wa nje isomwe kwanza.

Upande wa ndani ndio wa kutazamwa

Mafunzo mengi huanza na mlango wa nje, kwa dhana kwamba adui yuko huko. Kwa mtandao mdogo, hilo ni kuanzia mwisho. Pakiti za uongo zinazogonga mlango wa nje ni kelele tu: haziwezi kufuatiliwa na mwenye ruta, na rekodi yake hujaa bila kumpa la kufanya. Pakiti ya uongo inayotoka ndani imetoka kwenye kifaa kilicho umbali wa hatua chache. Kinaweza kuguswa, kuchomolewa na kusafishwa. Kwa hiyo kama nafasi ya kuhifadhi rekodi ni ndogo, upande wa ndani upewe kipaumbele.

Kuweka kwenye Linux

Mfano huu ni wa kompyuta ya Linux inayotumika kama ruta. Mlango wa nje ni eth0, wa ndani ni eth1, na mtandao wa ndani ni 192.168.10.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.10. Majina hayo yabadilishwe kulingana na mahali. Amri ip address huonyesha majina halisi.

Hatua ya kwanza ni faili moja, /etc/sysctl.d/90-chanzo.conf, yenye mistari hii:

net.ipv4.conf.all.rp_filter = 1
net.ipv4.conf.eth0.rp_filter = 1
net.ipv4.conf.eth1.rp_filter = 1
net.ipv4.conf.all.log_martians = 1

Kisha amri sysctl --system huiwasha. Mistari mitatu ya kwanza huifanya ruta ijiulize, kwa kila pakiti: kama ningetaka kuijibu anwani hii, ningepitia mlango huu huu? Jibu likiwa hapana, pakiti hutupwa. Mstari wa nne huamuru tukio hilo liandikwe. Bila huo wa nne, kazi hufanyika lakini hakuna anayejua.

Mwenye laini mbili za intaneti, kwa mfano ya faiba na ya laini ya simu ya akiba, anaweza kukuta pakiti halali zikitupwa, kwa sababu jibu huja kwa mlango mmoja wakati ruta ingejibu kwa mwingine. Milango ya nje basi ipewe 2 badala ya 1, na ule wa ndani ubaki na 1. Kati ya namba ya all na namba ya mlango wenyewe, Linux hufuata iliyo kubwa zaidi, kwa hiyo mpangilio huo hufanya kazi. Lakini 2 ni ulegevu mkubwa: mradi ruta ina njia yoyote ya kuifikia anwani hiyo, pakiti hupita.

Watu wengi hawajui kwamba hata 1 haitoshi upande wa nje. Ruta ikikutana na mtumaji wa 10.4.4.4 kwenye eth0, nayo haina njia maalumu ya kuifikia 10, huona kwamba njia yake ya jumla ni eth0 hiyo hiyo, na kuikubali. Upande wa nje kipimo hicho hukamata wanaojifanya ni wa ndani, pamoja na 127 na wenzake, lakini si anwani za ndani za watu wengine. Kwa hizo zinahitajika kanuni za ukuta-moto zenyewe. Kwenye nftables ziandikwe hivi:

table inet chanzo {
chain kagua {
type filter hook prerouting priority raw; policy accept;
iifname "eth1" ip saddr 0.0.0.0 udp dport 67 accept
iifname "eth1" ip saddr != 192.168.10.0/24 limit rate 6/minute log prefix "CHANZO-NDANI: "
iifname "eth1" ip saddr != 192.168.10.0/24 counter drop
iifname "eth0" ip saddr { 10.0.0.0/8, 127.0.0.0/8, 169.254.0.0/16, 172.16.0.0/12, 192.168.0.0/16, 224.0.0.0/4, 240.0.0.0/4 } limit rate 2/minute log prefix "CHANZO-NJE: "
iifname "eth0" ip saddr { 10.0.0.0/8, 127.0.0.0/8, 169.254.0.0/16, 172.16.0.0/12, 192.168.0.0/16, 224.0.0.0/4, 240.0.0.0/4 } counter drop
}
}

Mstari wa kwanza wa eth1 unakiruhusu kifaa kipya kiombe anwani, la sivyo kila simu inayojiunga na waifai ingeandikwa kama mhalifu. Kwenye mistari ya eth0, anwani ya kifaa cha kampuni iondolewe kwenye orodha iwapo mlango wa nje una anwani ya ndani.

Yafaa kueleza kwa nini kuandika na kutupa vimetenganishwa katika mistari miwili. Kipimo cha limit huzuia daftari lisijae: mashine moja yenye virusi inaweza kutuma maelfu ya pakiti kwa sekunde, na kila moja ikiandikwa diski itajaa kabla ya chakula cha mchana. Lakini limit ikiwekwa mstari mmoja na drop, pakiti zinazozidi kipimo hazilingani na kanuni hiyo tena, na hupita zikiwa salama. Ukuta-moto utakuwa unaandika sita na kuruhusu elfu. Kosa hili ni la kawaida, na halionekani, kwa sababu rekodi inaonekana nzuri kabisa.

Neno counter huhesabu zote zilizotupwa, zikiandikwa au zisiandikwe. Hesabu husomwa kwa amri nft list table inet chanzo.

Kanuni hizi ni za IPv4 peke yake. Zile namba za sysctl hazina mwenzake katika IPv6. Huko kazi hiyo hufanywa na nftables kwa kipimo cha fib saddr . iif oif missing, kikitanguliwa na ruhusa ya pakiti ambazo vifaa hutumia kutafutana na majirani. Nyumba nyingi zenye IPv6 bado hazijui kwamba zinayo, kwa hiyo fundi aangalie.

Ruta za MikroTik, ambazo wauzaji wengi wa waifai mitaani huzitumia, zina mpangilio unaofanana: rp-filter huwekwa strict ndani ya /ip settings, na kanuni ya ukuta-moto hupewa log=yes pamoja na log-prefix. Kwenye pfSense ni visanduku viwili vya kuzuia vilivyo kwenye ukurasa wa mlango wa nje, na vingine vya kuandika vilivyo kwenye mipangilio ya rekodi. Tahadhari ya anwani ya ndani kwenye mlango wa nje inahusu zote.

Kusoma mstari wa daftari

Amri journalctl -k | grep -A1 martian huleta mistari kama hii:

IPv4: martian source 192.168.10.1 from 172.20.5.9, on dev eth1
ll header: 00000000: ff ff ff ff ff ff 00 11 22 33 44 07 08 06

Mstari wa kwanza huwapotosha hata mafundi wazoefu. Neno source linafuatwa na 192.168.10.1, na mtu akisoma haraka anadhani huyo ndiye mtumaji. Sivyo. Anwani ya kwanza ni ya mpokeaji. Mtumaji ni ile inayofuata neno from, hapa 172.20.5.9. Wapo walioanza kuifungua ruta yao wenyewe wakitafuta virusi kwa kuusoma mstari huu kinyume.

Mwisho wa mstari, on dev eth1, unasema pakiti iliingia kwa mlango wa ndani. Tatizo liko chumbani.

Mstari wa pili ndio wenye thamani zaidi, ingawa wengi huuruka. Vikundi sita vya kwanza ni namba ya kadi ya mtandao ya mpokeaji. Hapa ff mara sita maana yake ni tangazo kwa wote. Sita vinavyofuata, 00 11 22 33 44 07, ni namba ya kadi ya aliyetuma. Anwani ya IP ni ya uongo, lakini namba ya kadi kwa kawaida ni ya kweli, kwa kuwa programu nyingi mbaya hazijisumbui kuibadilisha. Viwili vya mwisho hueleza aina: 08 00 ni pakiti ya kawaida, 08 06 ni kifaa kinachouliza nani ana anwani fulani.

Hapa ndipo orodha ya karatasi inaposaidia. Kabla ya tatizo lolote kutokea, kila mashine ibandikwe namba, na namba ya kadi yake iandikwe kwenye karatasi iliyo karibu na ruta. Kazi hiyo huchukua saa moja kwa kompyuta kumi na mbili. Kwa simu hali ni ngumu zaidi: Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia namba ya kubuni kwa kila mtandao. Namba kama hizo hutambulika kwa tarakimu ya pili ya kikundi cha kwanza, ambayo huwa 2, 6, a au e.

Mistari ya daftari si hesabu ya pakiti. Linux hupunguza uandishi wake yenyewe, na ikifanya hivyo huacha maneno callbacks suppressed yakitanguliwa na idadi. Mistari mitano ikifuatiwa na idadi ya maelfu ni mafuriko, si matone.

Jaribio ni jepesi na lifanywe kwenye mtandao wa mwenyewe pekee. Kompyuta moja ipewe kwa mkono anwani isiyo ya mtandao huo, mfano 172.20.5.9, kisha ijaribu kuipata 192.168.10.1. Mstari usipotokea, kanuni haziko kwenye mlango sahihi.

Mara nyingi si mwizi

Anayewasha rekodi hii kwa mara ya kwanza hushtuka, kwa kuwa siku hiyo hiyo mistari hutokea. Sababu kwa kawaida ni za kawaida. Simu iliyotoka kwenye waifai ya nyumbani huendelea kwa muda mfupi kutumia anwani ya kule. Tarakilishi yenye VPN au kompyuta-pepe hutoa anwani za mtandao wake wa ndani. Na kuna ile ya ruta ndogo: mtu analeta kisanduku chake, anachomeka waya kwenye tundu lisilo sahihi, nacho kinaanza kugawa anwani za 192.168.1 kwa mashine za watu. Nusu ya saiba inakosa intaneti na hakuna anayejua kwa nini, mpaka daftari lionyeshe matangazo ya 192.168.1 yakiingia eth1 kutoka kadi tano tofauti.

Dalili ya ugonjwa wa kweli ni tofauti. Kadi moja, anwani za watumaji zinazobadilika kila mara bila mpangilio, na mpokeaji mmoja wa mbali. Au kadi moja, mtumaji mmoja asiye wa humo, na wapokeaji wengi. Mashine ya namna hiyo ichomolewe waya kwanza, maswali baadaye. Isizimwe kama fundi wa kuichunguza yuko njiani, kwa sababu baadhi ya programu hizo huishi kwenye kumbukumbu tu na hupotea stima ikikatwa.

Daftari lenyewe nalo hupotea. MikroTik huhifadhi mistari 1,000 kwenye kumbukumbu, na stima ikipotea inaondoka nayo. Rekodi ipelekwe kwenye kompyuta nyingine ya ndani kupitia syslog, poti 514. Saa ya ruta nayo ifungwe kwa NTP, kwa kuwa ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa na zikiwaka upya huamini ni mwaka 1970. Rekodi yenye saa isiyo sahihi haiwezi kulinganishwa na ya kampuni ya intaneti.

Rekodi, wateja na sheria

Namba ya kadi na anwani ya IP vinaweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavihusu. Mwenye mtandao aandike kinachohitajika kwa usalama, akihifadhi kwa muda maalumu, kisha akifute. Majuma machache hutosha kwa saiba. Bango dogo ukutani liwaeleze wateja kwamba rekodi za usalama wa mtandao huwekwa. Kanuni za somo hili huandika pakiti zisizo halali tu. Hazionyeshi mteja anasoma nini wala anamwandikia nani, na mhudumu akiulizwa anaweza kulisema hilo bila wasiwasi.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta, wa umma au wa binafsi, atoe taarifa ya shambulio ndani ya saa 24. Mstari mmoja wa simu iliyopotea njia si shambulio. Mafuriko yanayotoka kwenye mashine ya saba kuelekea seva ya mtu ni suala jingine. Kitengo cha kitaifa cha KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea taarifa kama hizo kutoka kwa umma.

Kwa kampuni ya intaneti, au kwa KE-CIRT/CC, kinachopelekwa ni mistari yenyewe kama ilivyo, na si maelezo ya mdomo: tarehe na saa pamoja na kutaja kwamba ni saa za Afrika Mashariki, mlango ulioingiza pakiti, mtumaji, mpokeaji, hesabu ya counter, na hatua iliyochukuliwa. Picha ya skrini haitoshi kwa sababu haiwezi kutafutwa maneno. Faili ya maandishi ndiyo inayofaa. Nakala ibaki saibani mpaka laini ifunguliwe.